Kahawa Chini ya Kanisa

Katikati ya miaka ya 1960, binti mmoja wa Brooklyn aliyeitwa Maxine Feldman alikuwa akiimba na gitaa lake katika mikahawa ya Boston. Mikahawa ya enzi hizo ilisifika kwa kumpokea kila mtu: mwanafunzi asiye na senti, mshairi asiyeeleweka, mpinga vita, mwenye ndevu ndefu na mwenye viatu vilivyotoboka. Feldman hakudumu humo. Baadhi ya wenye mikahawa walimfungia milango wakidai kwamba anawaletea wateja wasiofaa. Wateja hao walikuwa watu wa namna yake, yaani wanawake wanaopenda wanawake.

Kisa hicho husahauliwa upesi pale wazee wa Marekani wanapoanza kuilia mikahawa ya zamani. Wakiisimulia utadhani kulikuwa na nyumba moja tu, kubwa, yenye taa hafifu, moshi wa sigara na gitaa pembeni, na kila aliyetaka kuingia aliingia. Ukweli ni kwamba nyumba zilikuwa mbili. Ya kwanza ndiyo ile iliyowatoa waimbaji Bob Dylan na Joan Baez, ikavishwa vilemba vyote, vya hariri na vya ukoka. Ya pili ilijengwa zaidi ya miaka kumi baadaye na watu waliofukuzwa katika ile ya kwanza, au waliokaa humo wakiwa wamefumba midomo. Haikuwa na anwani ya kudumu, na mara nyingi ilikuwa chini ya kanisa.

Ukitaka kuijua nyumba ya kwanza, shuka ngazi za namba 116, Mtaa wa MacDougal, katika kitongoji cha Greenwich Village, New York. Mwaka 1958 John Mitchell alifungua hapo Gaslight Cafe, chumba cha chini ya ardhi chenye joto na dari fupi. Inasimuliwa kwamba makofi yalikuwa yakipanda kwenye matundu ya hewa hadi vyumbani kwa wapangaji wa juu, nao wakalalamika, basi wasikilizaji wakaombwa watoe mlio kwa vidole badala ya kupiga makofi. Dunia ikaja kuuchukua mlio ule wa vidole kuwa alama ya washairi na walimbwende wa zama zile. Kumbe ulikuwa ni ujirani mwema tu.

Mikahawa ya aina hiyo haikuuza pombe, na jambo hilo dogo lilikuwa na matokeo makubwa. Kwanza, kijana aliye chini ya umri wa kunywa aliweza kuingia, na ndiyo maana mwimbaji Janis Ian aliimba Gaslight akiwa bado hajatimiza miaka 16. Pili, fedha zilikuwa chache, kwa hiyo katika sehemu nyingi za mtaa ule mwimbaji hakulipwa mshahara. Kapu lilipitishwa kati ya meza, na kilichoangukia humo ndicho kilichokuwa chakula cha kesho. Tatu, mtu aliyekunywa kahawa tupu usiku kucha alikuwa macho, na aliye macho husikiliza maneno ya wimbo. Muziki wa baa hushindana na ulevi na vicheko. Muziki wa mkahawa ulikuwa na deni la kusema jambo.

Mwaka 1962 alifika hapo Alix Dobkin, msichana wa miaka 22 aliyekulia Philadelphia katika familia ya Wayahudi wakomunisti. Alikuwa amesomea sanaa ya uchoraji, lakini sauti na gitaa vilimvuta upande mwingine. Akaimba katika mikahawa ya Greenwich Village, akafahamiana na wakubwa wote wa mtaa, na mwaka 1965 akaolewa na Sam Hood, meneja wa Gaslight, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kuununua mkahawa ule. Kwa hiyo mwanamke huyu hakuwa mpita njia katika nyumba ya kwanza. Alikuwa mke wa mwenye nyumba. Habari zake zitarudi.

Umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka Gaslight, namba 31 Mtaa wa Cornelia, palikuwa na mkahawa mwingine ambao hauimbwi sana. Joe Cino, mtoto wa wahamiaji wa Sicilia kutoka mji wa Buffalo, aliufungua Desemba 1958 akidhani atauza kahawa na kutundika picha za marafiki zake. Marafiki wakaanza kusoma mashairi, kisha tamthilia, na kabla hajajua akawa na jumba la maigizo lenye jukwaa la takriban futi 8 kwa 8. Caffe Cino palikuwa mahali ambapo mwanamume anayependa wanaume aliweza kuonekana jukwaani akiwa mtu mwenye huzuni, mzaha na hasira zake, wala si kichekesho cha kupita. Mwaka 1964 Lanford Wilson alionyesha hapo The Madness of Lady Bright, habari za mwanamume mpweke aliyeanza kuzeeka, anayezungumza na kuta zake. Mwaka 1966 ukaja muziki: Dames at Sea, mchezo wa kuimba uliozifanyia dhihaka ya mapenzi filamu za zamani za Hollywood, akiigiza humo binti mdogo Bernadette Peters ambaye baadaye alikuwa nyota wa Broadway. Polisi na maofisa wa jiji hawakuacha kumsumbua Cino kwa habari za leseni. Alifariki Aprili 1967, na mwaka uliofuata mkahawa ukafungwa. Ilichukua nusu karne hadi serikali ilipoliingiza jengo lile katika orodha ya mahali pa kihistoria, mwaka 2017.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kahawa ilikuwa jambo zito kiasi hicho. Kwa mpenzi wa jinsia moja wa Marekani ya miaka ile, mahali pa kukutana na wenziwe palikuwa baa, na baa zenyewe zilikuwa za mashaka. Mamlaka ya vileo ya New York ilihesabu kwamba baa yenye wateja wa aina hiyo ni baa ya vurugu, na inaweza kunyang'anywa leseni kwa sababu hiyo tu. Tarehe 21 Aprili 1966, wanachama wa Mattachine Society, chama cha kutetea wapenzi wa jinsia moja, waliingia katika baa ya Julius', wakajitambulisha wazi, wakaagiza kinywaji, na wakanyimwa mbele ya waandishi wa habari waliokuwa wameandamana nao. Hilo ndilo walilolitaka: kesi ya kushikika. Baa nyingine zilikuwa mikononi mwa majambazi wa mafia, waliouza pombe iliyochakachuliwa kwa bei ya juu na kuwahonga polisi. Hata Stonewall Inn, ambako ghasia za tarehe 28 Juni 1969 ziliubadili mwendo wa harakati za wapenzi wa jinsia moja, palikuwa pao.

Basi ili mtu akutane na wenziwe ilimbidi anywe, na ili aendelee kukaa ilimbidi aongeze kinywaji kingine. Wengi walizama. Wanawake walioanzisha mikahawa ya miaka ya 1970 walilijua hilo kwa macho yao, na wengine walikuwa wenyewe ndio kwanza wameachana na chupa.

Kuna kikombe kimoja cha kahawa cha mwaka 1966 kinachostahili mstari wake hapa. Ilikuwa Agosti, katika mgahawa wa Compton's, mtaa wa Tenderloin, San Francisco, mahali palipokuwa wazi usiku kucha, walikojibanza watu waliovaa na kuishi kinyume na jinsia walizozaliwa nazo. Polisi alimshika mmoja wao mkono ili amtoe nje. Kahawa ikamrukia usoni, na sahani na viti vikafuata.

Mwezi Mei 1969, majuma machache kabla ya Stonewall, Maxine Feldman, ambaye sasa alikuwa Los Angeles, aliimba wimbo wake mpya aliouita Angry Atthis. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno, maana Atthis ni mwanamke aliyetajwa katika mashairi ya kale ya Sappho, na likitamkwa haraka kwa Kiingereza husikika kama kusema mtu ana hasira na jambo fulani. Hasira yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: kutoweza kumshika mkono mpenzi wake hadharani. Wimbo ulitoka kwenye santuri ndogo mwaka 1972, na watafiti wengi wa muziki wa Marekani huutaja kuwa wa kwanza wa aina yake, wimbo ambamo mwanamke anasema wazi anampenda mwanamke bila kujificha nyuma ya mafumbo ya bluzi za kale.

Naye Alix Dobkin? Gaslight ilifungwa mwaka 1971, na ndoa yake nayo ikavunjika mwaka huohuo, akiwa na binti mchanga. Siku moja akamsikia redioni, kwenye kituo cha WBAI cha New York, mtangazaji kijana Liza Cowan, aliyekuwa na kipindi cha wanawake. Wakafahamiana, wakapendana. Dobkin alikuwa na ujuzi wote wa nyumba ya kwanza: namna ya kushika chumba cha watu hamsini, namna ya kuongea kati ya wimbo na wimbo, namna ya kumfanya msikilizaji aimbe kiitikio bila kuona haya. Sasa akawa na jambo jipya la kuimba. Mwaka 1973, pamoja na Kay Gardner aliyepiga filimbi, alitoa santuri ya Lavender Jane Loves Women kwa lebo yao wenyewe, Women's Wax Works. Fundi wa sauti alikuwa mwanamke, Marilyn Ries. Hiyo ndiyo santuri ndefu ya kwanza iliyotungwa, kupigwa na kurekodiwa na wanawake kwa ajili ya wanawake wanaopenda wanawake.

Mwaka huohuo, mjini Washington, kundi la wanawake lilikuwa likitafuta biashara ya kuendesha pamoja. Mwimbaji Cris Williamson alipita mjini, akahojiwa redioni, akatupa neno: mbona msifungue kampuni ya santuri ya wanawake? Neno likaota. Ndipo ilipozaliwa Olivia Records, iliyochukua jina lake katika riwaya ya mwaka 1949 juu ya msichana anayempenda mwalimu wake wa kike. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo mwimbaji Meg Christian na kijana Judy Dlugacz. Santuri ndogo ya kwanza, yenye wimbo wa Christian upande mmoja na wa Williamson upande wa pili, ilitoka mwaka 1974. Mwaka 1975 ikafuata The Changer and the Changed ya Williamson, ambayo bila tangazo la televisheni wala nafasi ya maana redioni iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Iliuzwaje? Mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja alijaza maboksi ya santuri kwenye buti la gari, akazipeleka kwenye maduka ya vitabu ya wanawake, kwenye mikutano, na kwenye mikahawa.

Na hapo ndipo tunafika chini ya kanisa.

Mwaka 1974, huko Chicago, kundi la wanawake wa kujitolea lilianzisha Mountain Moving Coffeehouse. Jina lake liliahidi kuhamisha milima, na milima yenyewe ilikuwa ukandamizaji wa wanawake na chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Mkahawa huo haukuwa na duka, haukuwa na mashine ya kahawa ya Kiitaliano inayong'aa, wala haukufunguliwa kila siku. Ulikuwa jioni ya Jumamosi katika ukumbi wa kukodi wa kanisa, na kwa miaka 31 ulihama kutoka kanisa moja hadi jingine. Huko San Francisco mwaka huohuo wanawake walifungua Full Moon. San Diego wakafungua Las Hermanas. Minneapolis, A Woman's Coffee House ilianza mwaka 1975, kisha ikapata makao chini ya kanisa la Plymouth Congregational, Ijumaa na Jumamosi usiku, ikadumu hadi 1989. Mwanahistoria Alex Ketchum wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyetumia miaka kufuatilia nyayo hizi, amehesabu zaidi ya migahawa na mikahawa 230 ya watetezi wa haki za wanawake iliyowahi kuwapo Marekani tangu 1972.

Kwa nini kanisani? Mtu anaweza kuliona hilo kuwa kinyume cha mambo, maana mahubiri ya juu na nyimbo za chini hazikuwa zikielekea upande mmoja. Lakini sababu zilikuwa za kimwili zaidi kuliko za kiroho. Kanisa la mjini lina ukumbi mkubwa ambao Jumamosi usiku umekaa bure. Lina viti vya kukunja, jiko, vyoo vya kutosha, na birika kubwa la kahawa linaloweza kunywesha kijiji. Mara nyingi lina piano. Kodi yake ni nafuu kuliko ya duka. Isitoshe, baadhi ya madhehebu ya Kiprotestanti ya Marekani yalikuwa tayari yamezoea kuazima kumbi zao kwa wapigania haki za Weusi na wapinga vita vya Vietnam, na wanawake hawa walikuja wakati mlango umekwisha kufunguliwa na wengine. Masharti ya ukumbi, hakuna pombe, yaliafikiana kabisa na masharti ya wapangaji. Minneapolis walilitilia mkazo hilo kuliko wengine: si pombe wala kileo chochote. Minnesota ni jimbo la vituo mashuhuri vya kutibu ulevi, kikiwamo Hazelden cha tangu 1949, na mwanamke aliyetoka kutibiwa alihitaji mahali pa kucheza dansi ambapo hatapita mbele ya kaunta.

Kahawa yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa hoja. Msomaji wa pwani aliyezoea kahawa chungu ya barazani, inayomiminwa kwenye kikombe kisichozidi ukubwa wa yai, angekunywa ile ya birika la kanisa akaomba maji ya kusukutulia. Kilichowaleta wanawake ni kile kilichokuwa kikiendelea baada ya taa kupunguzwa.

Muziki wa wanawake, kama ulivyokuja kuitwa, ulichukua umbo la vyumba vile. Ukumbi wa kanisa una mwangwi, kwa hiyo ngoma kubwa na gitaa la umeme viliumiza masikio, lakini gitaa la kawaida, piano na sauti tatu zinazopokezana vilipendeza. Fedha za spika zilikuwa haba. Watoto walikuwamo. Waliomsikiliza mwimbaji walikuwa wamengoja wiki nzima kusikia neno moja likitamkwa hadharani, basi maneno yakawekwa mbele na ala zikakaa nyuma. Kati ya nyimbo mwimbaji aliongea: alisimulia jinsi alivyomwambia mama yake, alitania, alitangaza mkutano wa Jumanne. Wakosoaji waliupuuza muziki huu wakisema ni laini mno, maziwa bila majani ya chai. Kuna ukweli kidogo humo; zipo santuri za enzi ile ambazo leo ni za kusikilizwa na waliokuwapo tu. Lakini mwenye kuusema ulaini huo inampasa akumbuke kwamba ulaini ulikuwa pia uamuzi wa chumba.

Zaidi ya nyimbo, mambo mengine yalianzia katika duru hizi, na leo watu huyaona ya kawaida. Kiingilio kilikuwa cha kadiri: mwenye nacho alitoa zaidi, asiye nacho alitoa kidogo. Watoto walitafutiwa mtu wa kuwaangalia wakati mama zao wakisikiliza. Mkalimani wa lugha ya ishara alisimama jukwaani kando ya mwimbaji. Mwimbaji Holly Near alifanya kazi hivyo na mkalimani Susan Freundlich miaka mingi, hadi mikono ya Freundlich ikawa sehemu ya muziki wenyewe. Wanawake walijifunza kuendesha mitambo ya sauti kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kuiendesha. Mwaka 1975 Boden Sandstrom na mwenzake Casse Culver walianzisha Woman Sound, kampuni ya mitambo ya sauti mjini Washington.

Wanaume wanaopenda wanaume hawakuwa na mtandao kama huo. Patrick Haggerty wa Seattle alitoa mwaka 1973 santuri ya Lavender Country, muziki wa kantri wa mashambani ukiimba mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume, nakala 1,000 tu. Steven Grossman, kijana wa gitaa wa New York, alipata mkataba na kampuni kubwa ya Mercury, na Caravan Tonight ikatoka 1974. Kampuni haikujua imuuzie nani. Grossman alifariki kwa UKIMWI mwaka 1991. Haggerty aliishi kuiona santuri yake ikitolewa upya mwaka 2014, akazunguka akiiimba mbele ya vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipoitunga, hadi alipofariki 2022. Wenzao wanawake walikuwa na bahati ya kuwa na mikahawa, wasambazaji, maduka ya vitabu na orodha za kuagizia kwa posta kama ile ya Ladyslipper ya North Carolina, iliyoanza 1976.

Sasa kuna habari ambayo wenye kuilia nyumba ya pili hawapendi kuisimulia, kama vile wa nyumba ya kwanza wasivyopenda kisa cha Feldman.

Mountain Moving ilikuwa ya wanawake na watoto wao wadogo tu. Hata neno la Kiingereza la wanawake waliliandika kwa tahajia yao, womyn, ili lisibebe ndani yake neno la wanaume. (Kiswahili kisingewapa taabu hiyo, mwanamke na mwanamume wote huanza kuwa mwana, kila mmoja akashika njia yake.) Mtoto wa kiume akishakua kidogo alibaki nyumbani. Na mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume hakuruhusiwa. Olivia Records ilimwajiri Sandy Stone, fundi wa sauti hodari aliyewahi kufanya kazi na Jimi Hendrix, naye alikuwa mwanamke wa aina hiyo. Wenzake katika kampuni walijua na hawakujali. Wasikilizaji walipojua, barua za hasira zikamiminika, vitisho vikafuata, na kabla ya muongo kwisha Stone akaondoka ili kampuni isivunjike. Mwaka 1979 mwandishi Janice Raymond alimshambulia kwa jina katika kitabu. Stone akarudi chuoni, akaandika jibu lililochapishwa mwaka 1991, na insha hiyo leo inahesabiwa kuwa jiwe la msingi la taaluma nzima inayohusu watu waliobadili jinsia. Tamasha kubwa la muziki wa wanawake la Michigan, lililoanza 1976 kwa mahema na nyimbo zilezile za mikahawani, lilimtoa nje mwanamke mmoja kwa sababu hiyo mwaka 1991, likaishi na ugomvi huo hadi lilipofungwa mwaka 2015.

Wanawake Weusi nao walikuwa na lao. Wanamuziki Linda Tillery, Mary Watkins na Gwen Avery walikuwa Olivia, na mwaka 1978 walizunguka na mshairi Pat Parker katika ziara ya The Varied Voices of Black Women, wakiupeleka muziki wa bluzi, jazi na soul katika kumbi zilizozoea gitaa tupu. Ukumbi mara nyingi ulikuwa wa Wazungu watupu. Mwaka 1981, katika tamasha la wanawake la Pwani ya Magharibi karibu na Yosemite, akasimama Bernice Johnson Reagon, mwanzilishi wa kundi la Sweet Honey in the Rock, aliyekuwa ameimba kwenye maandamano ya haki za Weusi huko kusini tangu 1961 na kulala jela kwa ajili yake. Aliwaambia wenyeji wake kwamba wamejenga chumba na kutia komeo, nao huamua nani aingie. Hakuwalaumu kwa kukijenga. Alisema mtu anahitaji mahali pa kupona. Kisha akawaambia kwamba kufanya kazi na watu wasiofanana nawe ni jambo jingine, hufanyika nje barabarani, halina raha, na anayelitafutia raha ya nyumbani hajaanza kulifanya. Hotuba hiyo inasomwa vyuoni hadi leo, na mpaka sasa hakuna aliyeeleza vizuri kuliko yeye uzuri na dosari ya mkahawa wa chini ya kanisa.

Komeo halikuvunjwa na adui. Watu walipungua wenyewe. Mwaka 1988 sauti ya Tracy Chapman, aliyekuwa akipiga gitaa mitaani Harvard Square na kwenye mikahawa ya Boston, mji uleule alikofukuzwa Feldman, ilisikika dunia nzima kutoka uwanja wa Wembley siku ya kumwadhimisha Mandela. Kampuni kubwa zikagundua kwamba mwanamke mmoja na gitaa moja ni biashara. Indigo Girls wa Georgia walitoa santuri yao kwa kampuni kubwa mwaka 1989. Mwimbaji Melissa Etheridge, ambaye Olivia iliwahi kumkatalia kwa barua, na barua hiyo akaitunza, alijiweka wazi Januari 1993 katika sherehe za kuapishwa kwa Rais Clinton, na santuri yake ya mwaka huo ikauzwa nakala zaidi ya milioni 6 nchini Marekani. Janis Ian alijitangaza mwaka huohuo. Binti wa miaka 20 huko Chicago hakuhitaji tena kungoja Jumamosi.

Na kahawa? Starbucks ilikuwa ikifungua maduka kila kona, na mwaka 1999 ikainunua Hear Music, ikaanza kuuza kando ya vikombe CD za gitaa na sauti nyororo za kike. Mtu aliyekunywa kahawa ya birika mwaka 1978 aliweza kuyasikia masalia ya muziki ule yakipigwa kimyakimya dukani, huku kila mteja ameinamia kompyuta yake na hakuna anayepitisha kapu. Olivia yenyewe ilikuwa imekwisha kubadili chombo. Mwaka 1990 Dlugacz alikodi meli, akapeleka wanawake 600 Bahamas, na tangu hapo kampuni ikawa ya safari za baharini. Cris Williamson ameimba humo mara nyingi. Meli za kitalii, kama ijulikanavyo, hazikosi baa.

Mountain Moving ilifunga mlango mwaka 2005. Maxine Feldman alifariki 2007.

Ila mwaka 2015 likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Picha ya mwaka 1975 ilianza kusambaa kwenye Instagram: mwanamke wa nywele fupi anatazama kamera, amevaa fulana yenye maneno yanayosema kwamba wakati ujao ni wa kike. Fulana hiyo ilichapishwa na Labyris Books, duka la kwanza la vitabu vya wanawake New York. Aliyepiga picha ni Liza Cowan, yule mtangazaji wa WBAI. Aliyevaa ni Alix Dobkin. Wafanyabiashara wa mitindo wakaichapisha upya kwa maelfu, waigizaji wakaivaa, na wasichana wakaitundika kwenye kuta zao bila kujua kwamba yule mwanamke aliwahi kuwa mke wa meneja wa Gaslight, au kwamba kwa miaka mingi alikataa kuimba mbele ya wanaume. Dobkin alipata kuiona shamrashamra yote hiyo. Alifariki Mei 2021, Woodstock, New York, akiwa na miaka 80.

Huko Park Slope, Brooklyn, katika nyumba ya ghorofa tatu, yapo makavazi ya Lesbian Herstory Archives. Yalianzishwa mwaka 1974, mwaka uleule wa Mountain Moving, na kwa karibu miaka 20 yalikaa katika nyumba aliyopanga mwandishi Joan Nestle kabla ya kuhamia hapo mwaka 1993. Ndani yake mna vitabu, barua, mabango ya matamasha na santuri, na masanduku ya kanda zilizorekodiwa na watu wa kawaida. Mna pia mkusanyiko mkubwa wa fulana za miaka ile, zimekunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine, nyingi zimepauka kwa kuvaliwa.